Kufungwa Mkononi: Bao, Sataranji na Ubeti wa Kwanza

Katika bao la Kiswahili kuna namna ya kushindwa ambayo mchezaji huionea haya kuliko nyingine zote, nayo ni kufungwa mkononi. Maana yake ni kwamba mtu amefungwa kabla hajamaliza kutia kete zake ubaoni. Kete bado zimo kiganjani, zina joto la mkono wake, lakini hazina kazi tena. Hakushindwa kwa kukosa mali. Ameshindwa akiwa nayo.

Neno hilo linanishughulisha kwa sababu naona linatufaa nje ya baraza la bao. Linaifaa sataranji, mchezo unaozidi kuenea kwa vijana wetu, na linaufaa zaidi ushairi. Hoja yangu ni hii: wengi wanaoshindwa mapema, ubaoni au katika utunzi, hawashindwi kwa uchache wa akili wala wa maneno. Wanashindwa kwa sababu hakuna aliyewafundisha kwamba hatua za mwanzo ni ahadi, na kwamba ahadi hizo hudaiwa mapema kuliko mtu anavyodhani. Sisi tunaopenda lugha tuna sehemu ya lawama, maana istilahi za kulifundisha jambo hili tunazo, na tumeziacha barazani.

Kwa msomaji asiyecheza bao, nieleze kwa ufupi. Ubao una mistari minne ya mashimo manane manane, jumla mashimo 32. Kila mchezaji anamiliki mistari miwili, wa mbele na wa nyuma. Kete ni 64, kwa kawaida komwe, zile mbegu ngumu za mkomwe unaoota pwani, na kila mmoja ana 32. Lakini hazipangwi zote mwanzoni. Kila mchezaji huweka 6 katika nyumba, ambalo ni shimo la mstari wa mbele linalochongwa mara nyingi kwa umbo la mraba, kisha 2 na 2 katika mashimo mawili yaliyo kuliani kwake. Hizo ni 10. Zinazobaki 22 hukaa mkononi, na hutiwa moja moja kwa zamu. Awamu hiyo ndiyo namua. Kete za mkononi zikiisha, huingia awamu ya pili, mtaji, ambapo kila mtu huchezea kile alichonacho ubaoni na si zaidi.

Tazameni majina hayo mawili, enyi wapenzi wa maneno. Kunamua ni kukitoa kilichonasa, kukifungua kitu kilichogandamana na kingine. Mtaji ni mali anayoanzia mfanyabiashara. Mababu waliouita mchezo kwa majina hayo walikuwa wakitufundisha kwamba mwanzo ni kazi ya kujinasua na kujipanga, na kwamba biashara yenyewe huja baadaye. Aliyeharibu namua hafiki kwenye mtaji. Na akifika, huingia sokoni na mfuko mtupu.

Sasa tuangalie hatua ya kwanza kabisa. Mwanzoni hakuna cha kula. Nyumba za wachezaji wawili zimekaa kwa mshazari, na kete za huku hazitazamani na kete za kule. Kwa hiyo anayeanza hana budi kutakata, yaani kutia kete na kuzigawa bila kula. Njia zake ni chache. Akizielekeza kuliani, kete zinakimbilia pembeni na kuanza kuzama katika mstari wa nyuma. Akizielekeza kushotoni, zinaipita nyumba yake mwenyewe na kufika katika shimo linalotazamana na nyumba ya mpinzani. Kete hiyo iliyosogea ni tishio, kwa kuwa mbele yake pana shimo lenye kete 6. Lakini ni chambo pia, kwa kuwa zamu inayofuata si ya aliyeitia. Hatua moja tu imechezwa, na tayari kuna mambo mawili ambayo hayawezi kurudishwa.

Makosa ya mwanzoni yanayomfungisha mtu mkononi yanaweza kukusanywa katika mafungu matatu. La kwanza ni kukimbilia nyuma. Mchezaji mgeni huona mstari wa nyuma ni salama, naye hufurahi kuona kete zinajaa huko. Amesahau kanuni kuu ya bao: anayebaki bila kete mstari wa mbele amefungwa, hata kama nyuma kumejaa na mkononi mna rundo. Usalama ulioandaliwa mahali pasipohesabiwa si usalama.

La pili ni kuichezea nyumba. Nyumba ndiyo akiba ya namua. Ikiliwa mapema, kete zake zote huhamia upande wa pili kwa mkupuo mmoja na mpinzani huzigawa katika mashimo yake, tena mara nyingi hula na jingine kwa nguvu hiyo hiyo. Mwenye nyumba anayo hiari, kete yake ya mwisho inapoangukia humo, ama aziache zilale ama azipeleke safari. Mgeni hupenda safari, kwa sababu inapendeza kuona kete nyingi zikizunguka. Fundi hujiuliza kwanza safari hiyo itaishia wapi, na nani atakuwa mwenyeji wake.

La tatu ni kula bila kufikiri. Katika bao kula ni faradhi: ukiwa na la kula, huwezi kulikataa. Lakini mara nyingi yapo mawili au matatu ya kula, na hata lilipo moja, mlaji huchagua kichwa atakachoanzia kugawa, cha kushoto au cha kulia, isipokuwa pale kete zilipoliwa kichwani au kimbi, ambapo lazima aanzie upande huo. Mchezaji hodari huutumia ufaradhi huo kama ndoano. Huacha kete mbili mahali ambapo mwenzake atalazimika kuzila, akijua kwamba mgawo wa kete hizo utamfungulia yeye njia ya nyumba. Aliyefurahia tonge la kwanza ndiye analiwa sahani nzima.

Hayo ndiyo elimu ya mwanzo wa bao, na imo ndani ya maneno machache: namua, nyumba, kichwa, kimbi, kutakata, safari. Mtoto aliyekulia karibu na baraza huko Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko au mitaa ya Lindi huyajua kabla hajajua kusoma. Na wazee wetu walikuwa na busara ya ualimu pia, maana lipo bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete 2 tangu mwanzo, pasipo namua wala nyumba. Mwanafunzi huanza na mchezo uliopunguzwa ule mzigo wa ufunguzi, kisha akikomaa ndipo hukabidhiwa bao lenyewe. Walikwisha kugundua kwamba sehemu ngumu ya mchezo ni mwanzo wake.

Sataranji inasema jambo lilo hilo kwa ukali zaidi. Jina lenyewe si geni pwani. Limetoka India kupitia kwa Waajemi na Waarabu, likashuka na majahazi, na kamusi zetu limo, pamoja na kitunda, neno la kuitia ile kete ndogo ya mstari wa mbele. Katika mchezo huo, mfalme anaweza kufungwa katika hatua ya pili ya mpinzani wake. Mwenye kete nyeupe akisogeza kitunda kilicho mbele ya askofu wa upande wa mfalme, kisha akasukuma miraba miwili kitunda kilicho mbele ya farasi wa upande huo huo, mweusi aliyekwisha kumfungulia malkia njia humpeleka ukingoni mwa ubao, na mfalme mweupe hana pa kwenda. Vita vimekwisha, na karibu jeshi zima halijainuka kitini. Huko nako ni kufungwa mkononi.

Upo mtego mwingine maarufu, wa hatua nne, ambapo malkia na askofu wanakilenga kwa pamoja kitunda kile kile kilicho mbele ya askofu wa upande wa mfalme. Kwa nini hicho? Kwa sababu mwanzoni mwa mchezo hakilindwi na kete yoyote ila mfalme mwenyewe. Anayeujua udhaifu huo hufungwa kwa mtego huo mara moja tu maishani, au hafungwi kabisa. Asiyeujua hufungwa mara kumi na kudhani kwamba mchezo una watu wake.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Mtoto wa pwani anapofundishwa sataranji, hupewa ubao, hupewa majina ya kete kwa Kiingereza, huonyeshwa jinsi kila kete inavyotembea, kisha huachwa acheze. Ufunguzi hufundishwa baadaye, kama somo la waliobobea, tena kwa majina ya miji na watu wa Ulaya. Hakuna anayemwambia: mwanangu, hii nayo ina namua yake. Vitunda vya katikati na farasi ndio wa kutoa kwanza. Mfalme atafutiwe hifadhi mapema. Malkia asitangulizwe safari kabla nyumba haijatengemaa. Angeambiwa hivyo, angeelewa tangu dakika ya kwanza, kwa kuwa babu yake alimwambia hivyo hivyo juu ya komwe. Badala yake hufungwa kwa hatua nne, hucheka kwa aibu, na kesho haji.

Sidai kwamba michezo hiyo miwili ni mmoja. Katika sataranji nguvu zote zimo ubaoni tangu mwanzo na zinapungua. Katika bao nguvu zimo mkononi na zinaingia kidogo kidogo, na kinacholiwa hakifi bali hubadili mwenyewe. Lakini kanuni ya mwanzo ni moja: hatua ya kwanza haishindi mchezo, ila yaweza kuupoteza. Nafasi za kuharibu ni nyingi kuliko nafasi za kutengeneza, kwa sababu mchezaji bado hana kitu cha kumfidia kosa lake. Kosa la hatua ya ishirini linaweza kufunikwa na mali aliyokwisha kuikusanya mtu. Kosa la hatua ya pili halina blanketi.

Sasa nije kwetu, kwenye ushairi. Mshairi anapoandika mshororo wa kwanza wa shairi la arudhi, ameamua mambo manne ambayo hatayabadili bila kubomoa: idadi ya mizani, mgawanyo wa vipande, kina cha kati, na kina cha mwisho. Akifika kwenye mshororo wa nne amekwisha kuamua la tano, yaani kituo, na kama ni kibwagizo kitakachorudiwa, ameamua jambo litakalosemwa mwishoni mwa kila ubeti. Hata muundo wa beti zinazofuata unaanza kumfunga. Akitaka mtiririko, vina vya ubeti wa kwanza vitadumu hadi mwisho. Akitaka ukara, kimoja kitadumu. Akitaka ukaraguni, atavibadili kila ubeti. Hiyo ndiyo namua ya shairi.

Tuchukue mfano. Mtunzi kijana ana jambo la kusema juu ya pwani yake, naye anaanza:

Nimekuja na habari, pwani kuna jambo jipya

Mizani ni 8 kwa 8, hesabu imetimia. Mshororo unasikika vizuri na unaita msikilizaji. Atapongezwa. Lakini hebu aendelee. Kina cha mwisho ni -pya. Katika Kiswahili, kina hicho kina wakazi wangapi? Mpya, jipya, kipya, upya: ni mtu yule yule aliyebadili kanzu. Kwenye mshororo wa pili ataandika upya, kwenye wa tatu atarudia mpya, na kwenye ubeti wa pili atakuwa anavunja sarufi ili aishi. Kichwani mwake yamo maneno elfu na hoja nzuri, na yote yamo mkononi, hayana shimo la kuingia.

Kosa lake halikuwa la msamiati. Maneno aliyokuwa nayo yalitosha kabisa kufungua vizuri, kama angeyageuza mahali pake:

Jambo jipya lipo pwani, nimekuja na habari,
Bao liko barazani, na kete ziko tayari,
Anayeanza makini, hushinda bila hatari,
Kosa dogo la mwanzoni, hufunga yote safari.

Siutoi ubeti huu kama shairi la kuwekwa diwanini; ni mfano wa darasani. Lakini angalieni kilichotokea. Habari ni ile ile na pwani ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kina cha kati sasa ni -ni, ambacho lugha yetu inakizaa kila siku kwa kiambishi cha mahali: pwani, nyumbani, baharini, moyoni. Kina cha mwisho ni -ri, chenye bahari, safari, fahari, siri, hatari, shairi na jamaa zake wengi. Mtunzi huyu ana pa kupumua hadi ubeti wa ishirini.

Hesabu inaonyesha uzito wa jambo hili. Shairi la mtiririko lenye beti 10 za mishororo minne, ambalo kibwagizo chake kinarudiwa na kinafuata vina hivyo hivyo, linahitaji maneno 31 kwa kina cha kati na mengine 31 kwa kina cha mwisho. Mshairi anayeanza bila kuvihesabu vina vyake ni sawa na mchezaji asiyejua ana kete ngapi mkononi. Kuna vina ambavyo sarufi yenyewe inavilisha: -na cha kutendana, -wa cha kutendwa, -sha cha kutendesha, -ni cha mahali. Kuna vina vya wastani, kama -ngo na -ndo, ambavyo vina mlango na mpango, upendo na mwendo, lakini vinataka uangalifu. Na kuna vina vikavu kama hicho cha -pya. Havikatazwi. Mshairi mkubwa anaweza kukichukua kina kikavu kwa ubeti mmoja wa ukaraguni ili aonyeshe ustadi wake. Anayekichukua bila kujua ndiye anayefungwa.

Watunzi wa tenzi walilielewa hili kuliko wote. Katika utenzi, vipande vitatu vya kwanza vya ubeti huwa na kina chao, lakini kipande cha nne hubeba kina kimoja kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, ziwe beti mia au elfu. Ndiyo maana wengi wao walichagua kina chepesi cha vokali -a au mfano wake. Na ndiyo maana ile desturi ya kale ya kufungua kwa jina la Mungu, kisha kuomba karatasi na wino, haikuwa pambo la bure. Ilikuwa namua. Mtunzi alikuwa akitakata: hali kitu, hajaingia vitani, anazipanga kete zake, anaipima sauti yake, anamzoesha msikilizaji kina atakachosafiri nacho. Kisa kilipoanza, mtaji ulikuwa tayari.

Pwani ya kusini ina mifano yake. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi ndiye aliyetunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji, uliochapishwa pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley mwaka 1957. Aliandika juu ya vita vilivyopita machoni pa watu wa zama zake na katika nchi yake, tena kwa umbo hilo lenye kina kimoja kirefu. Na mzaliwa mwingine wa Lindi, Ebrahim Hussein, aliyarudia mambo ya vita hivyo katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, ambayo moja ya maswali yake makubwa ni swali la ufunguzi: tuanze lini, na nani atoe amri ya kuanza?

Historia yenyewe inalifanya swali hilo kuwa zito. Vita vilianza Umatumbini, katika Wilaya ya Kilwa ya leo, Julai 1905. Kinjikitile Ngwale, ambaye maji yake yalikuwa yamewaunganisha watu wa makabila mbalimbali, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Wangoni walijiunga na vita Septemba, wakati yeye amekwisha kunyongwa. Nguvu kubwa ya umoja ule ilikuwa bado mkononi pale kichwa kilipoliwa. Sitaki kusema kwamba vita vile vilipotea kwa kosa la kuanza tu. Bunduki za mzinga na njaa iliyosababishwa na kuchomwa kwa mazao havikuwa kete za kawaida, na mashujaa waliopigana hadi 1907 hawastahili kuhukumiwa kama wachezaji wa barazani. Lakini Hussein aliona, na sisi tunaosoma tunaweza kuona, kwamba uchungu wa simulizi ile umo katika mwanzo wake: watu waliochoka kuonewa hawakuweza kungoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa na gharama yake. Kuna nyakati ambapo ufunguzi mbaya si ujinga bali ni kukosa hiari. Mchezo una anasa ambayo historia haina: mwanzoni mtu ana muda.

Kwa sababu hiyo mshairi, ambaye naye ana muda, hana udhuru.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza watasema kwamba kufungwa mapema ni shule, kwa hiyo waacheni vijana wafungwe. Nakubali nusu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na hakuna fundi wa bao ambaye hakufungwa mkononi utotoni. Lakini barazani, akishafungwa, mzee aliyekaa pembeni humwambia kwa nini: uliipeleka nyumba safari mapema, ulianzia kichwa kisicho chake. Shule ni maelezo hayo. Katika makundi yetu ya mashairi, kijana aliyefungua vibaya huambiwa ama kongole ama mizani imepungua. Hakuna anayemwambia kwamba shairi lake lilikufa kwenye mshororo wa kwanza, na kwamba zile beti tano zilizofuata zilikuwa maziko. Kumsifu ni kumwacha afungwe tena kesho kwa mtego ule ule.

Wa pili watasema kwamba haya yanawahusu wafuasi wa arudhi peke yao, na kwamba mshairi huru amejikomboa. Tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974 tumekuwa na ushairi wa Kiswahili usiofuata vina na mizani, na sina ugomvi nao. Lakini ukiutazama vizuri, mwanzo wake unafunga zaidi. Asiye na kina cha kumvuta msomaji hadi ubeti wa pili ana sauti yake tu, na sauti hiyo huamuliwa na mistari miwili ya kwanza: nani anasema, kwa nani, kwa hasira au kwa upole. Akiibadili katikati bila sababu, msomaji humwacha. Hata asiyekuwa na nyumba ubaoni bado ana mstari wa mbele wa kulinda.

Wa tatu, na hawa ndio ninaowaheshimu zaidi, watasema kwamba kuufundisha ufunguzi ni kuzaa kasuku. Tutapata watunzi wanaoanza wote kwa vina vya -ni na -ri, kama wachezaji wa sataranji waliokariri hatua kumi na tano na kupotea kwenye ya kumi na sita. Hatari hiyo ipo. Dawa yake ni kufundisha sababu pamoja na hatua. Anayejua kwamba -ni ni chepesi kwa kuwa ni kiambishi cha mahali atajua pia kwamba wepesi huo unachosha, na kwamba sikio linachoka na nyumbani, mjini, kazini vikifuatana. Atakitia kando kwa hiari yake na kutafuta kina cha wastani chenye ladha. Uhuru wa kuvunja kanuni ya mwanzo ni wa yule aliyekwisha kuielewa. Mwingine huivunja kwa kujikwaa.

Napendekeza basi mambo mawili, ambayo hayahitaji fedha wala kamati. La kwanza ni kwa walimu wa ushairi na wenye makundi ya mashairi: someni ubeti wa kwanza peke yake kabla ya kulisoma shairi zima. Mtunzi alete ubeti mmoja, na pamoja nao alete orodha ya maneno 20 ya kina chake cha kati na 20 ya kina chake cha mwisho. Kama hanayo, aurudishe ubeti mkononi, maana bado hajautia ubaoni. Na kibwagizo chake kijaribiwe: je, kinaweza kusimama chini ya ubeti wa huzuni na chini ya ubeti wa furaha bila kuwa mzigo? Kibwagizo ni nyumba ya shairi. Kikiwa kitupu, kila ubeti utakaorudi kwake utakuta hamna kitu.

La pili ni kwa wapenzi wa lugha wa Kilwa na Lindi. Wazee wa bao tunao bado, na msamiati wao ni mpana kuliko haya machache niliyoyataja. Yaandikwe maneno hayo jinsi yanavyosemwa huko, pamoja na tofauti za mtaa na mtaa, kabla baraza hazijageuzwa kuwa fremu za maduka. Kisha yapewe kazi mpya. Anayefundisha sataranji kwa Kiswahili na aitwae namua ile sehemu ya mwanzo, aseme malkia amepelekwa safari mapema, aseme huyu kafungwa mkononi. Neno lisilotumika hufa kamusini. Neno lililopewa mchezo mpya linaishi.

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumfariji aliyeanza kwa udogo. Lakini wapiga ngoma wanajua maana yake nyingine: lele ikianza nje ya mdundo, ngoma nzima itachezwa nje ya mdundo, na wachezaji watalaumiwa kwa kosa la mpigaji. Kwa hiyo, washairi wenzangu, kabla hamjaandika mshororo wa pili, urudieni wa kwanza. Hesabuni kete. Tazameni nyumba. Tazameni kina hicho kitawapeleka hadi wapi.